Jibu: Majani kuota ukungu ndani ya kadi

Salamu, dada. Umesema kwamba majani unayookota asubuhi za Julai ukitembea Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, huota ukungu yakishabandikwa ndani ya kadi, kabla haijamfikia unayempelekea. Kagua unyevu kwanza, kwa kuwa msimu wetu wa baridi ni wa mawingu na manyunyu, na jani linaloonekana kavu huwa bado lina maji kwenye kikonyo. Mimi huokota alasiri, yaliyokwisha kuanguka tu, nikayabana kati ya magazeti (majarida ya karatasi ya kung'aa hayanyonyi kitu) chini ya vitabu vizito, nikibadilisha magazeti kila siku kwa siku 4 za mwanzo, kisha nikayaacha wiki 2. Kikonyo kinene hukikata. Gundi nyeupe ipakwe kidogo sana, maana nayo ina maji.