Gidamu ya kiatu

Mwanangu,

Wa alaykumu ssalaam, na shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema siku ya usaili ulifika mlangoni ukagundua cheti cha kidato cha nne huna, ukarudi Kariakoo njia nzima ukiomba dua, ukakikuta kwa yule kijana wa fotokopi, amekibana chini ya kikokotoo kisipeperushwe na feni. Rafiki yako akakucheka kwamba kingekuwepo tu, uombe usiombe. Sasa unaniuliza utajuaje kama Mungu amekujibu au imetokea tu.

Hilo swali la ustadhi, wewe umempelekea fundi viatu. Ustadhi angekwambia dua haipotei: utapewa ulichoomba, au utaepushiwa shari, au utawekewa akiba akhera. Hayo uliyasoma madrasa, na ada nililipa mimi. Mimi nataka kukuuliza jingine. Ulipokiona cheti, ulimwambia nini yule kijana?

Najua hadithi ninayoipenda mmeichoka. Ile ya Mtume, aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, kwamba kila mmoja wetu amuombe Mola wake haja zake zote, hata gidamu, ule ukanda wa kiatu chake, inapokatika. Gidamu zilizokatikia watu hapa Ngamiani ndizo zilizokusomesha, nisiipende? Mvua ina masheikh wa kuiombea na umati wa kuitikia amina. Gidamu inaombewa na mtu mmoja tu, kasimama juani, kiatu mkononi. Kidogo nacho kina mwenyewe. Chekeni, kama mnavyonicheka nikiokota vipande vya ngozi sakafuni.

Lakini sikuwa hivi zamani.

Ilikuwa 1983, mwaka Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Wenye bidhaa walizificha, wengine wakazitupa usiku wasikutwe nazo. Mimi kazi nilikuwa nayo, maana viatu vipya havikuwepo, watu wakishonesha vya zamani mpaka ngozi inakataa sindano ya msharasi, na wengine nawakatia katambuga za matairi. Pesa ipo, cha kununua hakuna. Dada yako mkubwa alikuwa na miezi minne, ana homa, na kibatari chetu kimebaki utambi mkavu unanuka moshi. Mama yako akakaa ukingoni mwa kitanda, akanyanyua mikono, akaomba mafuta ya taa. Hakuomba mtoto apone. Au labda aliomba na hilo kimoyomoyo. Nilichosikia mimi ni, "Ya Rabbi, mafuta ya taa tu, nimuone mwanangu uso."

Nikacheka. Nikamwambia Mungu hana duka la ushirika.

Hatujamaliza maneno, hodi. Mama wa nyumba ya tatu, kashika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi. Robo chupa ya mafuta. Aliyakopa kwetu kabla ya Ramadhani, sisi tumeshasahau. Mama yako akaipokea kwa mikono miwili, akanitazama. Nikasema, "Karudisha deni lake huyo." Akaniuliza, "Na aliyemkumbusha usiku huu?" Nikanyamaza mpaka asubuhi.

Ningenyamaza moja kwa moja ingekuwa heri. Kesho yake nikaipeleka barazani, kwenye kahawa. Jamani, mke wangu anamwomba Mungu mafuta ya taa! Watu wakaangua kicheko, mzee mmoja akasema nimwambie aombe na sabuni, foleni imemchosha. Nikaisimulia tena Idi Kubwa. Nikaisimulia Pongwe kwa shangazi yako, mama yako mwenyewe akiwa pale pale mkekani anachambua mchele. Hakuinua uso. Tangu hapo sijamsikia tena akiomba kwa sauti. Nyinyi mmezaliwa mmemkuta hivyo, mnadhani ni mtu wa kimya. Hakuwa mtu wa kimya.

Huwa najibizana mwenyewe hapa kibandani. Kama mafuta yale yaliletwa na dua, mbona nyumba ya nne walilala giza, nao wana mtoto? Ina maana hawakuomba? Na yule mama, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kula cha watu, deni lake angelirudisha siku yoyote. Kwa hiyo rafiki yako ana hoja. Ila siku yoyote siyo usiku ule, tena mvua ilikuwa inanyesha, na mtu hatoki kwenye mvua na chupa ya deni la miezi miwili. Ukinibana nitasema... hapana, usinibane. Nikisema ndiyo, nimewahukumu nyumba ya nne. Nikisema siyo, nimemcheka mama yako mara ya pili.

Juzi alikuja mtu hapa, ndala imemkatikia, anawahi basi la Dar. Kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, midomo inamcheza. Sikumuuliza anasema nini. Niliweka chini buti la mteja wa tangu asubuhi, nikamtafutia gidamu kwenye kile kikopo changu cha takataka mnachotaka kukitupa, nikamtilia. Akaondoka mbio, hata ahsante hakusema. Na mimi nikashinda na furaha kutwa nzima. Mwenye buti ndiye aliyenuna. Kidogo nacho kina mwenyewe, ndicho ninachowaambia.

Yule kijana angeweza kukifagia kile cheti pamoja na makaratasi mengine. Mpelekee japo soda.

Na ukija Idi, kaa na mama yako jikoni alfajiri akipika vitumbua. Utaona midomo inamcheza. Muulize wewe anaomba nini. Mimi nikimuuliza ananiambia anahesabu vitumbua.

Baba yako