Uwanja wa mpira wa viti 40,000: usianze na paa

Mkuu, umeuliza kama sura ya nje na paa vikishapitishwa, mhandisi anaweza kuanza msingi huku majukwaa yakichorwa taratibu. Anaweza, lakini ataufumua. Kimo cha paa, mzigo wa nguzo na urefu wa ngazi vyote vinatokana na jambo moja dogo: jicho la aliyekaa nyuma linapita juu ya jicho la aliyekaa mbele yake kwa milimita ngapi.

Kipimo hicho huitwa C. Milimita 60 ni kiwango cha chini cha kuvumilika, 90 ni kizuri, 120 ni bora kabisa. Hesabu yake ni hii:

C = D(N + R) ÷ (D + T) − R

D ni umbali wa mlalo kutoka jicho la mtu wa mbele hadi mstari wa pembeni, R ni kimo cha jicho hilo juu ya nyasi, N ni kimo cha kidato (safu moja inavyopanda juu ya ile ya mbele yake), T ni upana wa safu.

Tuseme jicho la safu ya kwanza liko mita 8 kutoka mstari, na sakafu ya safu hiyo imeinuliwa sm 80. Jicho la mtu aliyekaa liko karibu mita 1.2 juu ya sakafu, kwa hiyo R ni mita 2. Upana wa safu ni sm 80. Ukitaka C ya 90, kidato cha kwanza kinatoka sm 30. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupanda na sm 30 hizohizo hadi juu kwa sababu molidi moja ya zege ni rahisi. Piga hesabu uone: ukifika safu ya 28, C imebaki mm 27. Huyo analipa kiingilio kutazama kisogo. Ili C ibaki 90, kidato cha safu hiyo kinatakiwa kiwe karibu sm 41. Ndiyo maana jukwaa zuri ukilitazama ubavuni limepinda kama bakuli, halikunyooka kama ubao.

Lakini usiongeze C kwa sifa. Kwa vipimo hivihivi, jicho la safu ya 28 linakuwa mita 10.4 juu ya nyasi ukitumia C ya 60, na mita 13.4 ukitumia 120. Hizo mita tatu zinazunguka uwanja mzima, na kila nguzo, ngazi na ukuta unaopigwa na upepo unazilipia. Wengi huweka 90 chini na kukubali 60 kwenye ghorofa ya juu, kwa sababu huko mwinuko nao una ukomo: mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza hauruhusu kuzidi nyuzi 34. Kwa safu ya sm 80 hiyo ni kidato cha sm 54, basi.

Kuna mtego mwingine hapa, wa mabango ya matangazo. Weka safu ya kwanza usawa wa nyasi, jicho liwe mita 1.2, kisha simamisha bango la sm 90 mita 4 kutoka mstari. Mtu huyo ataanza kuona nyasi mita 8 ndani ya uwanja. Mshika kibendera atamwona kuanzia mapajani kwenda juu tu. Kimo cha mabango kijulikane kabla ya kuchora safu ya kwanza. Usingoje mdhamini aje nayo.

Ukishapata umbo la bakuli, hesabu njia za kutokea. Mwongozo huohuo unachukulia watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye sakafu tambarare, 66 kwenye ngazi, na muda wa kutoka usiozidi dakika 8. Watu 40,000 wakishuka kwa ngazi, unahitaji jumla ya mita 76 za upana, zikiwa zimegawanywa kulingana na watu wa kila upande. Na upana huo usipungue njiani. Ngazi ya mita 3 inayoishia kwenye geti la mita 2 ni ngazi ya mita 2, tena mbaya zaidi, kwa sababu wa nyuma hawajui kuwa mbele kumebana. Uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971 walikufa watu 66 kwenye ngazi wakati wa kutoka. Kuingia ni hesabu nyingine: geti la kuzunguka huhesabiwa lipitishe watu 660 kwa saa, hivyo ukitaka wote waingie ndani ya saa moja ni mageti 61, bila moja kuharibika.

Zege la majukwaa kwa kawaida hufyatuliwa kiwandani, vipande vya umbo la L vinavyolala juu ya boriti za mteremko. Kinachosumbua ni maungio. Zege hutanuka karibu mm 0.01 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Sehemu ya mita 60 ikipata tofauti ya nyuzi 30 inacheza mm 18. Ukiacha uwazi wa mm 20 na kuujaza silikoni inayomudu kunyumbuka robo ya upana wake, yaani mm 5, itachanika mapema na maji yatashukia korido zenye vibanda na nyaya za umeme. Hapo inatakiwa mikanda maalumu ya maungio, na mfereji wa akiba chini yake.

Mtikisiko nao usisahaulike. Mashabiki wakiruka pamoja, mdundo wao ni kama mara mbili kwa sekunde, na nguvu yake inajirudia kwenye mara 4 na 6 kwa sekunde. Kwa mechi za kawaida, jukwaa lenye mtikisiko wake wa asili chini ya hezi 3.5 (mara 3.5 kwa sekunde) linahitaji uchunguzi wa kina. Kama uwanja utapokea matamasha, kipimo kilichozoeleka ni hezi 6. Ghorofa ya juu inayoning'inia bila nguzo mbele ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Sasa paa. Paa linalotoka mita 30 au 40 bila nguzo mbele halitishwi na uzito wake peke yake. Upepo unaoingia chini hulinyanyua, na nguzo zilizokuwa zikikandamizwa zikageuka za kuvutwa. Msingi wake lazima ushike chini, ama kwa nguzo ndefu za ardhini ama kwa zege zito. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kujenga. Enschede, Uholanzi, Julai 2011, paa la uwanja wa mpira lililokuwa likipanuliwa liliporomoka na kuua wafanyakazi wawili: lilibebeshwa mzigo kabla viungo vya kulisimamisha imara havijakamilika. Dai mchoro wa kila hatua ya usimikaji, si wa paa lililomalizika tu, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukataa mzigo usipande.

Nyasi ziwe za mwisho, ingawa ratiba itakushawishi vinginevyo. Kreni na malori yakipita juu ya tabaka la kokoto, vumbi la udongo linaziba matundu na maji hayashuki tena. Mpangilio wa kawaida ni mabomba ya kupitishia maji, sm 10 za kokoto, kisha sm 30 za mchanga wenye mboji kidogo. Kwa eneo la mita 115 kwa 75, mchanga huo ni karibu mita za ujazo 2,590, na upimwe ukubwa wa chembe kwa kila shehena. Shehena moja yenye mchanga mwembamba kupita kiasi inatosha kuacha dimbwi mbele ya goli. Nyuzi za plastiki za kuimarisha nyasi, kama zimo kwenye bajeti, hushonwa kina cha karibu sm 18 baada ya mchanga kusawazishwa. Pia acha mianya kwenye kona za majukwaa hewa ipite, la sivyo kuvu itazila nyasi zilizo kivulini, na hapo utanunua taa za kuoteshea upende usipende.