MBA na kiti cha mkuu wa IT

*Kaka, nina miaka 38, developa, naandika programu za kompyuta mwaka wa 12 huu, bosi anasema bila MBA, shahada ya uzamili ya biashara, sipandi kuwa mkuu wa idara. Kweli?*

Kwani yeye anayo? Satya Nadella MBA yake ya Chicago aliisoma akiwa kazini Microsoft, akamaliza 1997, ukurugenzi mkuu kaja kuupata 2014, hesabu mwenyewe hiyo miaka. Halafu marehemu Bob Collymore kaiongoza Safaricom toka 2010 mpaka anafariki 2019, na digrii ya kusomea hakuwa nayo. Mwambie bosi aiweke kwa maandishi: ukimaliza unapewa cheo gani. Akianza kuzungukazunguka, ushajibiwa.

*Wanafundisha nini ambacho sikipati YouTube?*

Lugha ya hela, na watu wa kukubishia. Mi mwaka wa kwanza nimepewa timu naingia kikao cha bajeti na slaidi 22 za seva, mama wa fedha akavua miwani, "hii ni kapeksi au opeksi?" Nikamjibu, "iko kwenye klaudi, mama." Kimya! Bajeti ikarudi imekatwa nusu. Kumbe seva ukiinunua ni mali, gharama yake inagawanywa miaka kadhaa, hiyo ndo kapeksi, ila klaudi, yaani seva za kukodi mtandaoni, ni bili ya kila mwezi, hiyo ndo opeksi, na watumiaji wakiongezeka nayo inapanda, kwa mtu wa fedha hivyo ni vitu viwili kabisa. Maana ya hayo maneno YouTube ipo, ila YouTube haivui miwani ikakuangalia. Darasani unakaa na wahasibu, watu wa mauzo, hao ndo watakubana.

*Nikope nikasome?*

Mkopo wa riba na ada za watoto juu? Mi nisingekopa. Kampuni ikilipa, soma mkataba vizuri, zingine zinakufunga miaka, ukiondoka mapema unarudisha hela. Na si lazima uache kazi, vyuo kama ESAMI Arusha na Strathmore Nairobi vina programu za watu walioko kazini.

*Nasimamia vijana wanne, mmoja anaharibu kila wiki na naogopa kumwambia. MBA itanisaidia?*

Hapana mdogo wangu, hiyo haina darasa. Muite pembeni, mtajie kazi ipi na siku gani, "Jumanne ulipandisha programu mpya bila kuitesti, wateja wakashindwa kulipa." Usimwambie "jitahidi". Halafu nyamaza aongee yeye, hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu.