Msumari wangu umeliwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninachaji betri za taa za dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nilitumbukiza misumari miwili kwenye maji ya ziwa niliyotia chumvi, nikaunga betri ya volti 12 nipate haidrojeni. Msumari wa chanya umeisha. Nitumie chuma gani?
Fundi Betri, Mwanza

JIBU: Marahaba. Chumvi iache kabisa: upande wa chanya hutoa klorini, gesi ya sumu. Huko ndiko oksijeni inakozaliwa pia, na msumari hauhimili. Viwandani, kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi (alkali, kinyume cha asidi), hutumia nikeli, mara nyingi pamoja na chuma kidogo; hujivika ngozi ya oksidi inayoharakisha kazi bila kuliwa upesi. Kwenye mitambo ya asidi nikeli huyeyuka, hivyo hutumia iridi, metali adimu kuliko dhahabu. Hapo ndipo watafiti wanapokuna kichwa: kichocheo (kitu kinachoharakisha kazi) chepesi cha kazi mara nyingi ndicho kinachoyeyuka upesi, na kuwashwa na kuzimwa na umeme wa jua hukichosha zaidi.

Volti 12 kwa seli moja, yaani jozi moja kama misumari yako, nazo ni fujo. Mitambo hutumia karibu 2, ziada ni joto tu. Chuma cha pua kisichoshika kutu usijaribu, kinaweza kutoa kromu yenye sumu. Na tafadhali, si ndani ya kibanda chenye cheche za chaji!