Bahari au mto? Mama yangu aliiona Roma kwa dirisha la basi

Juzi kuna dada kanitumia meseji inboksi. Yeye na mumewe wanatimiza miaka kumi ya ndoa, wamejibana mpaka wamepata hela ya kruzi, yaani safari ya kutalii kwa meli, sasa wamekwama: mume anataka meli kubwa ya baharini, yeye anapenda zile za mtoni, "wewe umepanda zote, tushauri." Nikaanza kumjibu mistari miwili ikawa ishirini, nikaona bora niimwage hapa, maana najua hii ndoto mnayo wote mnaonisoma, hata mnaojifanya hamna.

Mimi nilianza na bahari, 2019, wiki nzima Mediterania, mimi na mama na dada yangu mkubwa. Dada ndo alichagua, mimi ndo nililipa. Nalisema hilo makusudi, mtaona huko mbele.

Meli yenyewe ilikuwa mtaa unaoelea. Watu zaidi ya 4,000, mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki, bufee mpaka usiku, siku ya kwanza tulipotea mara tatu tukitafuta chumba chetu wenyewe. Na hiyo wala si kubwa, ile Icon of the Seas iliyoanza 2024 ina urefu wa mita 365 na ikijaa inabeba abiria zaidi ya 7,000. Dada alikuwa peponi. Vijana na watoto ndo usiseme, bandari ikifika hawataki hata kushuka, na kusema kweli siwalaumu.

Ila mama alikuwa na neno moja tu, Roma. Chumbani kwake kulikuwa na kalenda yenye picha ya Kanisa la Mtakatifu Petro, mwaka wa kalenda ulishapita zamani sana lakini hakuitoa ukutani. Kwa hiyo ratiba ilipoandika Roma kwa herufi kubwa mimi nikaona kazi imeisha. Pembeni kulikuwa na herufi ndogo, Civitavecchia, nikadhani ni jina la gati. Kumbe ni mji mwingine kabisa, kilomita 70 na ushee kutoka Roma! Tukapakiwa kwenye basi, saa moja na nusu kwenda, foleni ya barabarani, tunafika uwanja wa mbele ya lile kanisa tunakuta mstari wa kuingia umeuzunguka, jua kali, na mama magoti yake mabovu. Muda tuliobaki nao haukutosha hata nusu ya ule mstari. Nikamtafutia kivuli akakaa, akaliangalia kanisa kwa mbali, kisha tukarudi kwenye basi. Tukiwa njiani akaniuliza, "Roma ndo hiyo?" Hakuuliza kwa kulalamika, aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha tu, na hapo ndo iliponiuma. Dada siku hiyo alibaki melini, bwawani.

Bandari nyingine, sitaitaja, niliona wawili wanakimbia gatini kamba zikiwa zishafunguliwa. Watu kwenye balkoni wanashangilia kama mpira, hao wawili wamesimama na mifuko yao ya shopingi wanaitazama meli inaondoka. Ukienda matembezi ya meli yenyewe ukachelewa wanakusubiri, ukienda kivyako hakuna wa kukusubiri. Hiyo iandikeni mahali.

Usiku mmoja bahari ikachafuka. Sisi tulikuwa na chumba cha juu, mbele kabisa, nilikipata kwa bei poa nikajiona mjanja, ndo maana kilikuwa bei poa. Mama alilevywa na bahari mpaka asubuhi. Chukueni chumba katikati ya meli, deki (ghorofa) za chini, huko hakuyumbi sana.

Basi nikaapa. Agosti 2022 nikamchukua mama peke yake, mto Danube, kutoka Nuremberg kule Ujerumani mpaka Budapest.

Meli ya mtoni ni mnyama mwingine. Ndefu, mita 135, lakini upana ni kama mita 11 na nusu hivi, kwa sababu kuna loki, vile vyumba vya zege ambamo meli inaingia, milango inafungwa, maji yanajazwa au yanapunguzwa ndo inapanda au kushuka, na zile za kwenye mfereji tulioanza nao zina upana wa mita 12. Mama alinyoosha mkono akagusa ukuta akanionyesha kidole kina ukoko wa kijani, anacheka kama mtoto. Ule mfereji unaounganisha mto Main na Danube ulikamilika 1992 na unapanda mpaka mita 406 juu ya usawa wa bahari, yaani tulipanda mlima kwa meli. Abiria hatukufika 200. Siku ya pili mhudumu anajua mama anakunywa chai ya aina gani.

Sasa msidhani nawauzia mto. Mwaka ule kulikuwa na ukame, na kati ya miji ya Straubing na Vilshofen maji yalipungua mpaka meli haikuweza kupita. Tukaambiwa tufunge mabegi, tukapandishwa, ndiyo, BASI, mpaka mji wa Passau, tukakuta meli pacha, chumba namba ileile, hata picha ya ukutani ileile. Kampuni nyingi hufanya hivyo, zinabadilishana abiria huku na huku. Wakala aliyeniuzia tiketi hakulitaja hili hata kwa kupitiwa, na nilimuuliza waziwazi kama Agosti ni sawa! Mvua au theluji ikizidi inakuwa kinyume chake, maji yanapanda, meli inashindwa kupita chini ya madaraja. Bahari haina hiyo shida.

Kingine, gati zikijaa wanafunga meli ubavu kwa ubavu. Vienna niliamka nikavuta pazia nione mji, nikakutana na mzee wa meli jirani, kifua wazi, mswaki mdomoni, hatua moja kutoka kwangu. Akanipungia mkono. Na mimi nikampungia, ningefanyaje.

Usiku ni mpiga piano mmoja, saa nne watu wamelala. Lifti haikufika deki ya juu, kwa hiyo yale magoti yalipanda ngazi, na hilo ni kosa langu sikuuliza. Vyumba vya chini kabisa vidirisha viko karibu na dari na havifunguki.

Lakini Passau! Unashuka daraja la meli, uko mjini. Mama alitembea nusu saa, akarudi kupumzika, akatoka tena, kwa mwendo wake, hakuna mtu ameshika kibao anamharakisha. Sio kila mahali iko hivyo, Vienna meli nyingi zinafunga karibu na daraja la Reichsbrücke, si katikati ya mji, ila metro iko jirani. Usiku wa Budapest tulikaa juu na blanketi, Bunge lao limewashwa taa zote, limegeuka dhahabu juu ya maji, na mama akanong'ona, "Hapa hatupandi basi?"

Nilipoweka picha kwenye grupu la familia dada akaandika mto ni wa wazee wanaosubiri siku yao. Sikumjibu. Bado sijamjibu.

Kwa hiyo wewe dada uliyeniuliza, wewe na mumeo acheni kubishana bahari na mto. Jiulizeni saa tisa mchana mnataka kuwa wapi, ndani ya meli au ndani ya mji. Mkitaka meli yenyewe ndo iwe safari, nendeni baharini na msione aibu. Mkitaka miji, mto. Halafu fungueni ramani mpime kutoka gatini mpaka pale mnapopataka, jamani pimeni, msisome herufi kubwa tu. Bei nazo msizilinganishe kwa kuangalia tangazo: mtoni mara nyingi matembezi na divai ya chakula cha jioni vimo ndani, baharini tiketi inaonekana rahisi halafu kinakuja kitipu cha wahudumu cha kila siku, intaneti, vinywaji, mwisho wa safari bili inafika chumbani. Na kama pasipoti zenu zinahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja endapo meli inapita Uturuki au Serbia kisha inarudi. Na ramani, nasema tena, pimeni.

Dada yangu wiki iliyopita kaposti tena, safari mpya ya baharini, kaandika "Florence tunakuja" na moyo tatu. Nikaandika chini yake neno moja tu, Livorno, ile bandari ambako meli za "Florence" ndo zinafunga. Kaiona, alama mbili za bluu, kimya mpaka leo.