Ioneni baridi ya Julai kabla ya kuhamia Njombe

SWALI

Mpendwa mshauri, pokea salamu kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni mama wa watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la sita, wa pili la tatu, na wa mwisho ametimiza miaka miwili. Ninauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, na mume wangu ni fundi seremala ambaye kwa muda mrefu amekuwa akifuata mbao mkoani Njombe. Katika safari hizo amepapenda mno. Anasema watu wa huko hulala mapema, hakuna muziki unaopigwa usiku kucha kama mtaani kwetu, ardhi ina rutuba, na watoto watakua katika utulivu. Anataka tuhame Juni hii shule zitakapofungwa, tupange nyumba kijijini, naye aanze kupanda parachichi na misindano. Sikatai, kwa kuwa kelele zimenichosha hata mimi, lakini nimezaliwa na kukulia ufukweni mwa ziwa, na baridi ninayoijua ni ile ya alfajiri ya mvua tu. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anatumia dawa za presha. Tena biashara yangu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Kirumba

JIBU

Mama, hamu ya mume wako ya kuwapatia watoto mahali tulivu ni hamu njema, nami siipingi. Ninachokipinga ni mwezi aliouchagua. Shauri langu ni kwamba nyinyi wawili mwende Njombe Julai hii kama wageni, mkae angalau juma moja katika kijiji kilekile mnachokitaka, na mkiridhika, familia nzima ihame Desemba baada ya shule kufungwa.

Sisi wa Mwanza tumezoea hali ya hewa isiyobadilika sana mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na ikweta na kwa sababu ziwa hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, tena mbali zaidi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kipupwe cha Juni hadi Agosti huko ni majira yenye uzito wake. Upepo wa kusini-mashariki huleta ukungu na manyunyu ambayo huweza kudumu mchana kutwa, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ukipanda zaidi, upande wa Makete na uwanda wa Kitulo ulio kwenye mita 2,600 hivi, utakuta sakitu asubuhi juu ya majani, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, nayo huunguza viazi na mboga shambani. Lakini mkoa huohuo una Ludewa, ambayo mwambao wake wa Ziwa Nyasa ni wa joto, na una Makambako, mji ulio chini kidogo kuliko Njombe ingawa upepo wake ni mkali. Mume wako akisema "Njombe," mwombe akutajie kijiji, kwa maana tofauti ya kijiji na kijiji huko ni kubwa kuliko tofauti ya Kirumba na Igoma.

Muulize pia safari zake za mbao zilikuwa miezi gani na alilala wapi. Mgeni wa siku mbili anayelala gesti chini ya mablanketi mawili, kisha akaondoka na lori lake, hajaonana bado na baridi ya mtu anayemwogesha mtoto wa miaka miwili, anayefua nepi zisizokauka kwa siku tatu, na anayemwamsha mwanafunzi kabla jua halijatoka. Hayo ndiyo mnayokwenda kuyatazama Julai. Ingieni katika nyumba mnayotaka kupanga wakati wa usiku. Tazameni kama ina dari, kama madirisha yana vioo vinavyofunga sawasawa, na kama matundu ya hewa juu ya kuta ni makubwa kama ya nyumba zetu za Mwanza, ambazo zilijengwa ili kuingiza upepo. Nyumba ya bati isiyo na dari huko huwa baridi kama ya nje, na asubuhi unyevu hudondoka kutoka kwenye bati hadi kitandani.

Sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu jiko la mkaa, kwa sababu hapa watu hupoteza maisha. Familia zinazohamia nyanda za baridi huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, kisha hulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huichukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, naye hudhani ni uchovu wa safari. Mkaa ulioshika vizuri na usiotoa moshi tena si salama hata kidogo, maana gesi hiyo bado inatoka. Jiko libaki jikoni penye hewa au nje. Chumba kipashwe joto kwa mablanketi, kwa mazulia sakafuni na kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya shuka kabla ya kulala. Mtu akionyesha dalili hizo, mtoeni nje mara moja na mpelekeni hospitali. Mweleze jambo hili mama mkwe kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wazee ndio wanaosikia baridi zaidi na ndio wanaoomba jiko lisogezwe karibu.

Kwa mtoto mwenye pumu, hewa ya baridi na moshi wa kuni ni vichocheo viwili vinavyojulikana, na huko mtakutana na vyote viwili. Hilo halimaanishi kwamba hawezi kuishi Njombe, bali nendeni kwa daktari anayemtibu sasa, mpate maelezo ya maandishi ya matibabu yake na dawa ya kuvuta ya kutosha miezi ya kwanza, na mjue mapema ni kituo gani cha afya kilicho karibu na kijiji na kama kina dawa hiyo. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya nipendelee mpange Njombe mjini au Makambako kwa mwaka wa kwanza, si kijijini. Mama mkwe naye apimwe presha kabla ya safari na apimwe tena baada ya kufika, kwa kuwa baridi hukaza mishipa ya damu na presha huweza kupanda.

Kuhusu malaria mtapata nafuu kubwa, maana Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa nchini, wakati ukanda wetu wa ziwa unayo mengi. Ila watoto wakikaa huko muda mrefu, kinga waliyoijenga hapa hupungua, hivyo watakaporudi Mwanza likizo ni lazima walale ndani ya chandarua, na mmoja wao akipata homa baada ya kurejea Njombe, mwambie daktari waziwazi kwamba ametoka Mwanza, asije akafikiria mafua tu.

Upande wa shule, Desemba inawafaa kuliko Juni. Mwaka ujao mkubwa ataingia darasa la saba na wa pili darasa la nne, madarasa yote mawili yenye mitihani ya kitaifa, na usajili wa watahiniwa hufanywa mapema mwakani. Uhamisho ukikamilika kabla shule hazijafunguliwa Januari, pamoja na namba zao za PREM, yaani za kumbukumbu za mwanafunzi, watasajiliwa katika shule mpya pamoja na wenzao. Mkichelewa hadi katikati ya mwaka ujao, itakuwa bora kumwacha mkubwa kwa ndugu Mwanza amalize mtihani wake kwanza. Desemba na Januari ni miezi ya mvua huko, na matope mtayapata, lakini si ya baridi kali, na watoto watakuwa na karibu nusu mwaka wa kuzoea kabla ya kipupwe.

Jikoni mabadiliko ni madogo. Maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 96 za hapa, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva na ni vyema yalowekwe usiku kucha.

Nimeiacha biashara yako mwisho kwa sababu ndiyo nguzo ya shauri zima. Parachichi lililobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na misindano husubiri miaka 15 na zaidi kabla ya kupasuliwa mbao. Katika miaka hiyo yote, mkono utakaolisha nyumba ni wako na wa useremala wa mume wako, basi usikubali kuuacha mtaji wako wa dagaa uishe katika nauli na kodi. Njombe inalisha nchi viazi na mahindi, lakini takwimu za kitaifa zimekuwa zikiutaja mkoa huo, pamoja na Iringa na Rukwa, miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa wa watoto. Dagaa wa ziwa letu wana protini na madini ambayo watoto hao wanayahitaji, na wako wanayahitaji pia, kwa hiyo kitoweo hicho kisitoke mezani kwenu eti kwa sababu mmehama. Makambako ni njia panda ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia na ile ya Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Mwachie mtu unayemwamini pale Mwaloni awe anakununulia na kukupakilia mzigo kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Iringa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo anza na magunia machache katika ziara ya Julai ili uone bei na wateja kwa macho yako. Dagaa wapakiwe wakiwa wamekauka kabisa na wahifadhiwe juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta, kwa maana ukungu wa Njombe huwaotesha kuvu upesi.

SWALI

Dalali wa Njombe ananiuzia ekari tano za kijiji kwa simu, na anasema nikituma nusu ya fedha ataniandikia mkataba. Mimi niko Sengerema na ninataka kuhamia huko na familia. Je, nitume?

Msomaji, Sengerema

JIBU

Usitume, ndugu yangu. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, ambayo nayo haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkataba wa dalali usiopitia huko hautakulinda. Nenda mwenyewe, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, waulize kama eneo hilo lina hati ya hakimiliki ya kimila na ni ya nani, na uhakikishe haliko ndani ya msitu wa hifadhi au chanzo cha maji. Muuzaji aje na mke au mume wake na watoto waliokua, kwa sababu mashamba mengi ni ya ukoo. Kisha tembea mpaka wote wa shamba pamoja na majirani wa pande zote nne, na malipo yafanyike mbele ya uongozi wa kijiji siku hiyo au baadaye, si kabla.