Sera iko Nairobi, mjukuu wangu yuko Pate

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya miezi kutimia, hapa kisiwani Pate. Tulipoambiwa tumpeleke Lamu, ilikuwa bamvua na maji yamekupwa, boti haikuweza kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kuendea Lamu, tukangoja gatini saa nne, mtoto amefungwa leso kifuani pa mamake. Amepona, alhamdulillahi. Lakini kila siku nasikia redioni habari za sera ya taifa ya watoto wachanga. Zatufaa nini sisi wa visiwani?
Nyanya, Pate

JIBU: Waaleikum salaam, mama, na hongera kwa mjukuu. Nianze na ile leso. Kumbeba mtoto njiti ngozi kwa ngozi si hila ya wasio na mashine. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri abebwe hivyo mara tu anapozaliwa.

Ama kuhusu sera, uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba watoto 52 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 41. Lakini waliokufa ndani ya siku 28 za mwanzo walipungua kutoka 22 hadi 21 tu, ilhali shabaha ya dunia ni kufikia 12 ifikapo 2030. Chanjo na chandarua humkinga mtoto aliyekwisha kukua kidogo, bali mchanga huuawa zaidi na unjiti, kukosa pumzi anapozaliwa na maambukizi, mambo yanayotaka mkunga stadi na vifaa saa ile ile, si baada ya maji kujaa.

Katiba ya 2010 iliiachia serikali kuu sera, na kaunti ikapewa zahanati, hospitali na usafiri wa wagonjwa. Kwa hiyo boti yenu ni jambo la kaunti. Mpango wake wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkienda, msiombe "huduma bora", kwani ombi hilo hupokewa kwa makofi na kusahauliwa kabla ya chai. Ombeni boti inayopita maji madogo, nahodha wa zamu ya usiku, na mafuta yaliyoandikiwa fungu lake. Nimewahi kuona boti iliyokatiwa utepe ikalala gatini miezi kwa kukosa petroli. Ombeni pia nyumba ya kungojea uzazi karibu na hospitali, ili mwenye mimba ya hatari avuke mapema, maji yakiwa yamejaa.

Na uwasimulie zile saa nne, mama. Waandaao bajeti wengi hufika kazini kwa gari.